Kitenge Kikarudi Kingine

Huko Mutakura, kaskazini mwa Bujumbura, kuna ua mmoja wenye nyumba mbili na bomba moja la maji. Nyumba ya kushoto anakaa Nsimire na mume wake Fortunat, fundi wa kujenga, pamoja na binti yao Sephora. Nyumba ya kulia anakaa Chanelle. Nsimire alitoka Bukavu. Chanelle alizaliwa hapahapa Bujumbura.

Wanawake hawa wawili wana kazi moja. Wanauza vitenge vya zamani, ambavyo wengine huviita vikwembe, kwa simu.

Wapo akina mama wanaotafuta vitenge vilivyotengenezwa miaka thelathini au arobaini iliyopita. Hawavitafuti kwa kushona tu. Wanavikusanya. Kila kitenge cha zamani kina jina lake, na anayekusanya hufurahi akipata jina ambalo wenzake hawana. Wana kundi lao la WhatsApp. Muuzaji anaweka picha, mnunuzi anaandika "Nakitaka", pesa zinapita kwenye simu, kitenge kinapelekwa.

Asubuhi Nsimire alikuwa akichota maji, anabandika maharage, kisha anafungua simu. Hakuanza na picha zake. Alianza na za Chanelle.

"Watu ishirini na saba," alisema siku moja. "Ishirini na saba wamemuwekea moyo."

"Na wewe?" aliuliza Fortunat, huku akifunga viatu.

"Tisa."

"Tisa ni wengi. Mi nikijenga ukuta, hakuna hata mmoja ananiwekea moyo."

Nsimire hakucheka.

Wivu wake haukuanza siku hiyo. Ulianza pale Chanelle alipohamia, miaka miwili nyuma. Chanelle alikuwa na sauti nzuri kwenye simu. Wateja wake hawakugombana naye. Vitenge vyake alivinunua soko la Jabe, kwenye marundo ya nguo za mitumba. Alivifua, akavinyoosha, akaviuza kama dhahabu. Mvua ikianza na Nsimire hayupo, Chanelle alikuwa akianua nguo za jirani yake, anazikunja vizuri na kuziweka mlangoni. Nsimire akizikuta, alisema, "Anataka kujua tuna nguo ngapi."

Nguo zilikuwa kavu. Hilo hakulisema.

Tena kulikuwa na jambo lingine. Nsimire alipoweka picha kwenye WhatsApp, aliweza kuona majina ya watu walioziangalia. Jina la kwanza lilikuwa Chanelle. Kila siku, Chanelle.

"Ananipeleleza," Nsimire alimwambia mume wake.

"Labda anapenda vitenge," alisema Fortunat.

"We humujui huyo mutu."

Sasa, Nsimire alikuwa na sanduku la mama yake marehemu. Ndani yake kulikuwa na kitenge kimoja ambacho hakijawahi kukatwa. Yadi sita nzima. Kilikuwa cha bluu iliyokolea, chenye funguo za rangi ya njano. Jina lake lilikuwa Mama Mkwe Amenyamaza. Mama yake alikinunua Bukavu, Nsimire akiwa mtoto. Panya alikitoboa mara moja, na mama akaliziba tundu kwa uzi wa kahawia, kwa mishono midogo kama punje za mtama. Walipokimbia vita, alivuka nacho mto Ruzizi, amejifunga tumboni chini ya nguo. Nsimire alikuwa ameapa kwamba hicho hatakiuza.

Siku ya Jumapili Chanelle aliuza kitenge kinachoitwa Ndege Wawili. Kundi zima lilimpongeza. Maman Consolate, mama wa makamo anayelisimamia kundi, aliandika, "Chanelle, we ni malkia wetu."

Nsimire alilisoma neno hilo mara tatu. Akaenda kwenye sanduku. Akatoa kitenge cha mama yake, akakitandika kitandani, akakipiga picha. Picha tatu tu, alizozipigia ndani ya WhatsApp, kwenye sehemu ya picha zinazofutika baada ya siku moja, kisha moja kwenye kundi. Akaandika, "Malkia wa kweli huyu hapa."

Mioyo ilikuja arobaini na moja. Jioni hiyo mwanamke mmoja wa Kinindo, anayeitwa Kelly, aliandika, "Nakitaka." Akalipa palepale.

"Umeuza ya mama?" Fortunat aliuliza. Aliweka kijiko chini.

"Nimeuza."

"Juu ya nini? Hatukosi chakula."

Nsimire akamwongezea maharage. Angejibu nini? Kwamba ni kwa ajili ya neno malkia?

Kesho yake shofeli, dereva wa Kelly, alifika. Aliitwa Jovithe, mzee mpole mwenye kofia. Nsimire alikuwa amekikunja kitenge mara nane na kukifunga kwa utepe mwekundu, kama tunavyofanya tukimpelekea bibi harusi. Na mnajua desturi yetu. Kitenge kilichofungwa utepe hakifunguliwi mbele ya aliyekileta. Kukifungua ni kama kumwambia mwenzako kwamba humwamini. Basi Nsimire alitoa kwa mikono miwili, Jovithe akapokea kwa mikono miwili, akaondoka. Hakuna aliyefungua kitu.

Siku ya tatu ujumbe ulikuja.

"Madame, umeniibia. Hii si waksi ya zamani. Nimelowesha pembe, rangi imetoka. Nirudishie franga sasa hivi. Shofeli iko njiani na kikwembe yako. Ukichelewa, naandika kwenye groupe."

Nsimire alijua kitenge chake ni cha kweli. Lakini aliwaza kitu kimoja tu. Kelly akiandika kwenye kundi, Chanelle atasoma. Chanelle atakuwa wa kwanza kusoma.

Akarudisha pesa zote kabla shofeli hajafika.

Jovithe alipobisha hodi, Chanelle alikuwa bombani anaosha sufuria. Alinyanyua macho. Nsimire akajitengenezea tabasamu, akapokea kitenge kwa mikono miwili. Utepe ulikuwa uleule mwekundu. Akasema, "Asante, baba. Salimia Madame." Akaingia ndani taratibu, kama mtu aliyeletewa zawadi.

Ndani alifungua utepe.

Kilikuwa cha bluu. Kilikuwa na funguo za njano. Lakini aligeuza upande wa nyuma, na rangi ilikuwa imefifia, kama kivuli. Waksi nzuri, yaani kitenge halisi cha kiwandani, ina rangi ileile pande zote mbili. Aliangalia ukingoni. Cha mama yake kilikuwa na maandishi ya kiwanda ukingoni. Hiki hakikuwa na herufi hata moja. Alitafuta mishono ya kahawia. Alitafuta kwa macho, kisha kwa vidole.

Alikimbia hadi barabarani bila viatu. Gari lilikuwa limeondoka.

Akapiga simu.

"Madame Kelly, hii si yangu!"

"Umenirudishia franga, nimekurudishia mali. Tumemaliza, maman."

Simu ikakatwa. Alipopiga tena, haikupokelewa. Namba yake ilikuwa imefungiwa.

Siku mbili Nsimire hakupika vizuri. Maharage yaliungua. Sephora aliyala hivyohivyo, akaosha sahani bila kuambiwa, akamletea mama yake chai. Nsimire hakuiona ile chai mpaka ilipopoa.

"Muulize Chanelle," alisema Fortunat. "Kazi hii anaijua kuliko sisi."

"Mi niende kwa Chanelle? Nimwambie nimekuwa mjinga? Apana. Afadhali nipoteze."

"Lakini si wewe peke yako unayepoteza. Kile ni cha mama."

"Fortunat, na kama ni yeye aliyemutuma Kelly? Kila siku ananiangalia. Nikiweka picha, ni yeye. Juu ya nini?"

Wivu uko hivyo. Ukikosa pa kukaa, unajitafutia ushahidi.

Asubuhi ya tatu wakakutana bombani. Nsimire aliweka ndoo yake kwa kishindo.

"Kuna watu," alisema, akiiangalia ndoo, "wanawatuma wateja wezi kwa wenzao. Halafu wanaoga na kuenda misa."

Chanelle alifunga bomba. "Ni mimi unasema?"

"Nimesema kuna watu."

"Hapa tuko wawili, mama Sephora. Na we hujisemi mwenyewe."

"Basi ni wewe! Kikwembe ya mama yangu imechukuliwa! Nimerudishiwa takataka! Na kila siku ni wewe unaangalia picha zangu wa kwanza, kabla hata jua!"

Maji yalidondoka kutoka bombani, moja, moja. Kisha Chanelle akaingia nyumbani kwake. Nsimire alifikiri amekimbia. Lakini akarudi na simu yake na kibao cha kukalia. Kibao akamwekea Nsimire.

"Kaa," alisema. "Angalia."

Kwenye simu ya Chanelle zilikuwemo zile picha tatu, ambazo kwa Nsimire zilishafutika. Zote tatu. Picha moja ilionyesha maandishi ukingoni. Nyingine ilionyesha mishono ya kahawia, mmoja mmoja.

"Ulizihifadhi? Kwa nini?"

"Unataka ukweli? Wivu." Chanelle aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. "Vikwembe vyangu vyote ni vya watu nisiowajua. Nanunua kwenye rundo. Mama yangu aliondoka duniani, hakuniachia hata leso. We unafungua sanduku, unatoa ya mama yako, na mushono wake bado iko. Nikiona picha zako, roho inaniuma. Lakini naangalia tu. Siachi."

Nsimire alikuwa amejiandaa kwa matusi. Kwa maneno hayo hakuwa amejiandaa. Akasema tu, "Na mimi mioyo yako naihesabu."

"Najua. Umesahau kwamba ukuta ni mwembamba?"

Wakacheka kidogo, bila kutaka.

"Sasa niambie yote," alisema Chanelle. "Toka mwanzo. Na usifute ujumbe hata mmoja."

Nsimire alieleza. Chanelle alisikiliza, akimkatiza mara mojamoja.

"Ulimrudishia franga kabla ya kuona mali?"

"Niliogopa aandike kwenye kundi."

"Na shofeli alipoleta, hukufungua?"

"Mbele yake? Ningekuwa mutu gani? Tena ulikuwepo unaangalia."

"Mimi nilikuwa naomba moyoni ufungue! Mama Sephora, hata mi walinifanyia hivyo. Mwaka wa kwanza. Mama mmoja alichukua kikwembe, akaivaa kwenye harusi, akairudisha inanuka pombe na marashi. Akasema ni ndogo. Nilirudisha franga, juu niliona haya. Toka siku ile nikajifunza. Zawadi ni zawadi. Biashara ni biashara. Bibi harusi usimufungulie utepe. Lakini mununuzi, fungueni pamoja."

"Atasema simwamini."

"Sema hivi: 'Dada, tufungue pamoja, ili ukifika nyumbani usiwe na mashaka na mimi.' Nani atakasirika hapo? Mwenye nia nzuri atafurahi. Na akikasirika, basi umemujua mapema."

Kisha Chanelle akamwambia jambo la kufanya kwanza. Nsimire alitaka kuandika jina la Kelly kwenye kundi, na neno mwizi pembeni. Chanelle akamshika mkono.

"Apana. Ukimutukana mbele ya watu, watasahau kikwembe, watazungumza matusi. Muandikie Maman Consolate peke yake. Mupe picha za kabla, na picha za hii iliyorudi, zimelala sambamba. Mupe siku uliyouza, siku iliyorudi, na ule ujumbe wake wa kutisha. Maneno machache. Mwombe awasikilize wote wawili."

Wakatandika kitenge cha uongo juu ya mkeka. Chanelle alipiga picha mbele, nyuma, na ukingoni. Nsimire aliandika. Aliandika vibaya mara mbili, na Chanelle alimsubiri.

Maman Consolate alijibu adhuhuri. Hakukemea mtu. Alimpigia Kelly akamwambia kwamba kwenye kundi lao kila mtu anasikilizwa, na kwamba ameona picha za vitenge viwili tofauti. Akamwomba afungue kabati lake, aangalie vizuri.

Kelly alikataa kwanza. Kisha akatumiwa picha ya mishono ya kahawia. Saa nzima ikapita. Mwishowe akaandika, "Pardon. Shofeli alichanganya mifuko."

Kila mtu alijua kwamba Jovithe hakuchanganya chochote. Lakini Maman Consolate alimwachia Kelly njia ya kutokea. Alijibu tu, "Sawa. Basi airudishe leo. Na toka leo, ukinunua kwetu, mali itafunguliwa mbele yako, na ikirudi itafunguliwa mbele ya mwenyewe."

Jovithe alifika kabla ya jua kuzama. Safari hii hakukabidhi kifurushi na kuondoka. Alivua kofia, akasema, "Mama, fungua. Nami nione."

Nsimire alifungua. Chanelle alishika upande wa pili wa kitenge, wakakinyoosha ua mzima. Maandishi yalikuwepo. Mishono ilikuwepo. Nsimire aliweka kidole juu yake, akakiacha pale. Halafu wakapima. Yadi nne. Yadi mbili zilikuwa zimekwisha kukatwa na fundi wa Kelly.

Nsimire alilia. Chanelle hakumwambia anyamaze. Alikikunja kitenge taratibu na kukiweka magotini kwa mwenzake. Jovithe alisimama na kofia mkononi mpaka Nsimire alipomaliza kulia. Alipewa kile cha uongo akirudishe. Siku iliyofuata Kelly alilipa thamani ya zile yadi mbili, maana Maman Consolate alisimamia. Pesa zilikuja. Yadi hazikuja. Mambo mengine yanarudi nusu, na hiyo nusu tunaishika.

Kitenge kikaingia sandukuni. Hakikutoka tena.

Toka siku hiyo Nsimire alibadilisha namna ya kufanya kazi yake. Kabla ya kuuza, anapiga picha za pande zote mbili, maandishi ya ukingoni, na kila kasoro, hata doa dogo kama mbu. Haifichi kasoro, anaionyesha. Pembeni anaweka karatasi yenye tarehe na jina la mnunuzi. Picha hizo anazihifadhi kwenye simu, na nakala anamtumia Chanelle. Kwenye pembe moja anatia mishono mitatu ya alama yake. Rangi ya uzi anaichagua mwenyewe, na hamwambii mtu. Mapema anaandika masharti, ili asionekane mkali baadaye: siku mbili za kurudisha, kisiwe kimevaliwa, kufuliwa wala kukatwa, mali inarudi kwanza, inafunguliwa, inaangaliwa, ndipo pesa zinarudi.

Mwezi uliofuata mwanamke mmoja wa Jabe, Dévote, alirudi mwenyewe na kitenge mkononi.

"Dada, usikasirike," alisema Dévote. "Kuna tundu hapa. Kwenye picha sikuliona."

"Karibu ukae. Tufungue pamoja."

Walifungua juu ya mkeka. Mishono mitatu ilikuwepo pembeni. Kilikuwa kitenge chake kabisa. Na tundu lilikuwepo, la kuungua kwa pasi, ndani ya mkunjo. Nsimire alifungua picha zake zote. Tundu halikuonekana kwenye picha hata moja. Sehemu ile hakuipiga.

"Kosa ni langu," alisema. "Nisamehe." Akarudisha pesa palepale.

Dévote alimwangalia. "Nilikuja nimejiandaa kupigana, kweli."

"Na mimi."

Wiki iliyofuata Dévote alinunua vitenge viwili, akamleta na dada yake.

Msifikiri kwamba wivu ulikwisha. Chanelle bado anapata mioyo mingi. Nsimire bado anaihesabu, siku nyingine anaihesabu mara mbili. Lakini sasa mvua ikianza na Chanelle hayupo, Nsimire ndiye anayeanua nguo. Anazikunja, anaziweka mlangoni. Mara ya kwanza Chanelle alipozikuta, alipiga kelele kutoka ndani, "Umehesabu ziko ngapi?"

"Kumi na nne! Na mbili zimetoboka!"

Juzi tu, mwanamke wa Gitega aliandika kwenye kundi. Anatafuta kitenge kinachoitwa Mbegu za Boga. Amekitafuta miaka mitatu, na yuko tayari kulipa vizuri. Wauzaji wote walijibu kwamba hawana.

Nsimire hakuwa nacho. Lakini alikuwa na kinachofanana nacho. Angeweza kusema ni ndugu ya Mbegu za Boga, na mama yule pengine angekichukua. Tena asubuhi hiyo, akipita na ndoo, alikuwa ameona Mbegu za Boga kimeanikwa kwenye kamba ya Chanelle. Chanelle alikuwa bado sokoni, hajasoma ujumbe.

Nsimire alikaa na simu mkononi. Maharage yalichemka. Moyo ulimuuma palepale ulipozoea kuuma.

Akaandika, "Muulize Chanelle. Anacho, nimekiona kwa macho yangu. Na mama, mkifika kwenye kufungua, fungueni pamoja."

Akayaangalia maneno hayo kidogo. Kisha akayatuma, akafunika simu kifudifudi juu ya meza, akaenda kukoroga maharage.